Jina Kabla ya Wimbo

"Jina imeenda wabi?"

Bibi yangu aliuliza hivyo mbele ya duka la kaseti mjini Garissa, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeinua kaseti juu kama mtu aliyemshika panya mkiani. Hakuniuliza mimi, lakini mimi ndiye niliyebaki na swali. Nilikuwa katika umri wa kuuliza kila kitu na kutoamini jibu la mtu yeyote. Nyumbani waliniita Waayo, yaani Kwa Nini. Kwa swali hilo, hata hivyo, sikuwa na jibu, si la kweli wala la kubuni.

Nimelikumbuka wiki hii kwa sababu ninahama nyumba. Chini ya vyeti vyangu vya shule nimeikuta kaseti ileile, na nilipofungua kasha lake likatoa harufu ya ubani. Bibi yangu, ambaye sote tulimwita Ayeeyo kama kila mjukuu wa Kisomali anavyomwita bibi yake, alikuwa akizifukiza nguo zake na chochote kilichokaa kati ya nguo hizo. Sina tena mashine ya kuichezea. Nilichoweza kufanya ni kile ambacho nyinyi wa rika langu mnakijua: niliingiza kalamu ya biro kwenye tundu la kaseti nikazungusha, polepole, hadi utepe wa kahawia ukaisha na kikajitokeza kile kipande cha mwanzo kisicho na rangi, kinachopitisha mwanga. Nikakaa sakafuni nikikitazama kwa muda mrefu, chai ikapoa.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa ngamia wa mizigo. Aliutunga mama yake Ayeeyo, Dahabo Abdille, zamani zile Mwingereza alipoanza kuwaambia watu kisima gani ni cha nani. Ukoo wake uliamriwa kuhama. Dahabo, bi harusi wa msimu mmoja, akaivunja nyumba yake ya mikeka, akaifunga juu ya ngamia, na ngamia akakataa kunyanyuka. Basi akasimama mbele ya mnyama huyo akasema naye. Alimwambia asimame, kwa kuwa nyumba yake yote ilikuwa mgongoni mwake na hakujua mgongo mwingine. Wanawake waliokuwa wakifunga mikeka yao karibu naye wakayashika maneno. Kisha yakaingia harusini, kwa sababu nyumba ya bi harusi nayo hufungwa kwa kamba, na kwenye kamba wanawake huimba. Kufikia wakati wangu wimbo ulikuwa kwenye kaseti, unaimbwa na mwanamume mwenye sauti laini, akifuatwa na nyuzi za kaban, ule udi wetu. Harusi isiyokuwa nao ilionekana ya watu wasiojiweza.

Ayeeyo hakuweza kuuvumilia. Kila ulipoanza aliondoka. Nikadhani haupendi, mpaka nilipomkuta akiuimba peke yake, mlangoni, akisuka mkeka. Kabla ya kuanza alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayejibu hodi, "Dahabo Abdille." Kisha akaimba.

"Unamwita nani?" nikamuuliza.

"Simwiti. Namtaja. Maneno ni yake."

Hapo ndipo nilipoijua sheria ambayo watu wetu huifuata bila kuiandika popote. Ukiimba maneno ya mwingine, unamtaja kwanza, yeye na baba yake, na baada ya hapo huongezi neno wala hupunguzi. Ngamia wetu walichomwa chapa shingoni ili yeyote awakutaye ajue ni wa nani. Chapa ya wimbo ni jina linalotangulia. Na kaseti ile ya mwenye sauti laini haikuwa na jina. Ilianza na nyuzi tu, tena katikati ya mlio, kama mtu aliyeingia nyumbani mwa watu bila kubisha.

Mambo yaliharibika kwenye harusi ya shangazi yangu. Kipaza sauti kilikuwa juu ya lori, wasichana wanapiga makofi, na wimbo ukaanza. Mama mmoja aliyekuja kutoka Elwak akauliza maneno matamu haya ni ya nani. Msichana aliyekuwa karibu naye akamtaja mwimbaji.

Ayeeyo akasimama. "Si yake. Ni ya mama yangu."

"Haye, sawa, Ayeeyo," msichana akajibu kwa upole.

Upole ule ulikuwa mbaya kuliko tusi. Ni upole anaopewa mzee anayesema ng'ombe wameingia nyumbani na hakuna ng'ombe. Ayeeyo akachukua shuka yake akaondoka kabla nyama haijaletwa, nami nikamfuata nikiitazama nyama kwa nyuma.

Alipofika nyumbani alikaa, akavua viatu, akaviweka sawasawa. "Nilimpa mimi," akasema.

"Ulimpa nani nini?"

"Yule wa lori." Hakuwahi kumwita mwimbaji yule kwa jina lake. "Nilikuwa msichana, tuko kisimani Eldas. Lori la sukari lilikuwa linakwenda Elwak, mvua ikalishika kwenye matope. Huyu alikuwa utingo. Kutwa nzima amekaa juu ya magunia ananisikiliza nikifunga mikeka. Akaniomba wimbo. Nikamwambia chukua, lakini jina litangulie. Akaapa. Mama alikuwa hai bado, yuko ndani anasikia. Akaniuliza, Batula, umemwamini? Nikasema ndiyo."

Nikaelewa kwa mara ya kwanza kwamba hasira yake haikuwa juu ya mwimbaji peke yake. Mama yake alimwachia kitu kimoja cha kulinda, na kitu hicho kilikuwa kinapita barabarani kwenye lori lenye vipaza sauti, hakina chapa.

"Kesho," akasema, "tunakwenda kwa mtu wa kaseti. Nitauimba mwenyewe."

Mtu wa kaseti aliitwa Dhegole, yaani mwenye masikio, na kweli alikuwa nayo. Vita vilimleta kutoka Kismayu. Wengine walitoroka na magodoro, yeye alitoroka na magunia ya kaseti, akakaa kwanza kwenye kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kisha akafungua kijiduka karibu na soko la mifugo. Ulimwambia wimbo unaoutaka, naye akaunakili kwenye kaseti mpya kutoka kwenye kaseti zake kuu, ambazo hakumruhusu mtu kuzigusa.

"Ayeeyo, sasa unataka kuwa nyota?" akamtania.

"Nataka kuwa shahidi. Washa."

Dhegole akatundika blanketi mlangoni ili kuzuia sauti za malori, akamwondoa mbuzi mmoja ambaye hakuwa wa mtu yeyote pale ndani, akachomeka kaseti kuu yenye nyimbo nyingine za kale ili auweke wimbo wa Ayeeyo katikati yake, mahali palipokuwa patupu. Ayeeyo akamtaja mama yake. Kisha akaimba, bila kaban, akipiga paja kwa kiganja mahali ambapo kamba hukazwa. Dhegole aliacha kutabasamu mwanzoni kabisa na hakutabasamu tena hadi mwisho. "Huu watu watautaka," akasema.

Walitaka. Haukupita muda mrefu tukausikia kutoka mkahawani, mimi na yeye tukipita na mkungu wa ndizi. Ayeeyo akasimama, uso umefunguka. Akaingia mlangoni pa wanaume, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamwomba kijana aurudishe mwanzo. Kijana akarudisha. Wimbo ukaanza na neno la kwanza la Dahabo, lakini Dahabo mwenyewe hakuwamo.

Aliinunua kaseti ile palepale. Tulipofika dukani kwa Dhegole, akafanya jambo lililomtisha Dhegole kuliko makelele. Akazungumza naye Kiswahili. Ayeeyo alikuwa na Kiswahili kidogo, na alikihifadhi kwa ajili ya askari na watu wa ofisi.

"Wewe mtu ya kaseti. Nimekuja na mashtaka. Jina imeenda wabi?"

"Ayeeyo, wallahi sijagusa kitu," Dhegole akajibu kwa Kisomali.

"Hapana. Kiswahili. Hii ni kesi."

Dhegole, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kichanga kuliko cha Ayeeyo, akatoa jasho. Akaicheza kaseti kuu. Jina lilikuwapo, wazi, na sauti ya mbuzi kwa mbali. Akaicheza ile ya kununuliwa. Halikuwapo. Akafungua nyingine aliyoinakili asubuhi hiyo. Halikuwapo.

Watu walikuwa wamekusanyika. Jina la Kisomali si jina tu. Ukilitaja pamoja na la baba, msikilizaji anajua mtu ni wa ukoo gani, na kisima gani, na nani aligombana na nani. Mtu mmoja nyuma akasema, si kwa sauti ya juu, "Kalikata. Wateja wake si watu wa Abdille." Mwingine akaitikia. Mwingine akauliza kwani yeye Dhegole ni wa wapi. Hakuna aliyepiga kelele, na ndiyo sababu niliogopa. Ikaamuliwa kwamba wazee watakaa baada ya swala ya Ijumaa, duka lifungwe hadi hapo. Dhegole akashusha mlango wake mwenyewe, akakaa juu ya jiwe, masikio yake mekundu.

Nyumbani kaka yangu Abdirashid alisema jambo liko wazi, mtu amelipwa. Mama alisema tusiseme. Mimi sikuamini lolote kati ya hayo. Nilikuwa nimemtazama Dhegole usoni Ayeeyo alipokuwa akiimba. Lakini nilikuwa na nadharia yangu, na sioni haya kuieleza: niliamini kwamba kaseti haiwezi kushika majina ya waliokufa. Sauti ya aliye hai inaingia, jina la maiti linatoka. Kwamba kaseti kuu ilikuwa nalo hakukunisumbua. Ile ilikuwa ya Kismayu, na huenda mashine za huko zilikuwa na huruma zaidi.

Nadharia hujaribiwa. Abdirashid alikuwa na redio ya kaseti ambayo ilikuwa marufuku kuisogelea, na kaseti mpya ambayo ilikuwa marufuku zaidi. Alipokwenda kucheza mpira, nikajifungia chumbani navyo. Nikabonyeza vitufe na papo hapo nikaanza kutaja walio hai wa nyumba yetu, kwa heshima, wakubwa kwanza: Batula, baba, mama, Abdirashid, Habiba dada yangu, mimi, Yusuf mdogo. Nikarudisha nyuma, nikacheza.

Kimya. Kisha sauti yangu, nyembamba: "...biba, Waayo, Yusuf."

Wakubwa wote walikuwa wamemezwa. Kama kaseti haishiki majina ya wafu, basi ilikuwa imeniambia sasa hivi nani atafuata, na wa kwanza ni Ayeeyo. Nilitoka mbio nikamkuta jikoni akichambua mchele, mzima kabisa. Akaniuliza ninakodolea nini. Nikarudi chumbani nikilia, lakini nilirudi. Hilo ndilo ninalojivunia hadi leo, kwamba nilirudi. Nikageuza orodha. Nikaanza na Yusuf, aliyekuwa anajifunza kutembea na hakuwa na sababu yoyote ya kufa, nikamalizia na Batula. Nikacheza. Safari hii wadogo ndio waliopotea, na mwisho sauti yangu ikamtaja Ayeeyo waziwazi.

Basi haikuwa mtu. Ilikuwa mahali. Nikaitoa kaseti nikaiangalia kwenye mwanga wa dirisha, nikaona kwamba utepe haukuanza kahawia. Mwanzoni palikuwa na kipande kitupu kama plastiki ya pipi. Nikakizungusha kwa biro hadi kikaisha, nikarekodi tena. Wote tukaingia, nyumba nzima, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho.

Nilimvuta Ayeeyo kwa shuka hadi kwa Dhegole na mchele bado uko kwenye ungo. Nikamwonyesha Dhegole kipande kile. Alinitazama, akakitazama, akajipiga kipaji cha uso.

"Kipande hiki nakijua siku zote," akasema. "Hakishiki sauti. Lakini nyimbo zangu zote zinaanza na kaban. Ikipotea mipigo ya kwanza ya kaban, nani analalamika? Natafuta wimbo unapoanza kwenye kaseti kuu, naweka kaseti mpya, nabonyeza zote mbili pamoja. Hivyo ndivyo tunavyofanya sote, hapa, Dagahaley, Elwak, kila mahali."

"Na sisi tunaanza na jina," nikasema.

Ayeeyo akamwambia Dhegole, kwa Kisomali sasa, "Mwanangu, fungua duka lako. Kwa wazee nitakwenda mimi." Akaenda, na Ijumaa ile wazee hawakuwa na kesi ya kukaa.

Mimi sikutosheka. Njiani nikamwambia, "Ayeeyo, basi labda na yule wa lori alilitaja. Labda lake nalo lilimezwa."

Akasimama katikati ya barabara. "Yule aliimba redioni Nairobi. Redio ina kipande kitupu?"

Sikujua. Eldas hawakuwa na redio wakati ule, naye Ayeeyo alikuwa amemsikia mtu huyo kwenye kaseti tu.

"Waayo," akasema, "mtoto akipata jambo moja la kweli, asitake yote siku hiyohiyo."

Dhegole aliahidi kuzungusha kila kaseti kwa biro kabla ya kunakili. Ayeeyo akamwambia hilo ni duka moja. Wa Elwak watanakili kutoka kwake, wa Mandera watanakili kutoka Elwak, na nani atawapelekea biro? Nikapendekeza jina liwekwe mwisho. Dhegole akacheka. Mwisho wa wimbo watu huzima, wanatafuta unaofuata. Nikapendekeza liingizwe ndani ya wimbo. Ayeeyo akanitazama kana kwamba nimependekeza kumchinja ngamia ili kumpunguzia mzigo. Neno haliongezwi.

Alikaa siku kadhaa akisuka na kuimba kwa sauti ya chini, akisimama, akirudia. Kisha asubuhi moja akavaa nguo za ubani akaniambia twende.

Dhegole akatundika blanketi. Ayeeyo akamtaja mama yake mwanzoni kama inavyopasa, akaanza kuimba. Katikati ya wimbo, mahali ambapo ngamia anapiga magoti na wanawake huacha kuimba ili waikaze kamba ya tumbo, aliacha. Kazini mapumziko hayo yapo siku zote. Ni waimbaji wa kaban tu waliokuwa wameyafuta. Mtu anayekaza kamba anaruhusiwa kupumua, kumwita mtoto, kunywa maji. Ayeeyo akakohoa, akanywa maji kwenye kikombe cha Dhegole, akasema taratibu, "Dahabo Abdille," akapiga paja, akaendelea. Hakuongeza neno. Alisema jina wakati wa kamba, basi.

"Na wewe je?" nikamuuliza tulipotoka. "Hukujitaja."

"Mimi nilibeba tu. Anayebeba hatajwi."

Kaseti hiyo ilikwenda mbali. Mwanzo wake ulimezwa kila mahali, kama alivyosema, na katikati yake haikuguswa na mtu. Nimekaa kwenye harusi Eastleigh, Nairobi, ambapo wasichana ambao hawajawahi kumgusa ngamia walifika pale kati, wakanyamaza wote, wakakohoa kwa pamoja, wakasema jina la mama yake Ayeeyo, wakaendelea. Niliwauliza kwa nini wanakohoa. Mmoja akaniambia, kwa uvumilivu, kwamba ndivyo wimbo ulivyo.

Ayeeyo alifariki nikiwa mwaka wa mwisho chuo kikuu. Hadi mwisho, mtu akimtaja yule wa lori mbele yake, aligeuza uso. Chuo kilinifundisha kutilia shaka kwa utaratibu zaidi, lakini swali la barabarani lilibaki lilelile: redio ina kipande kitupu? Niliwasumbua watu wa kituo kimoja cha redio Nairobi mpaka mmoja wao, nadhani ili nimwache, akanifungulia chumba cha kanda za zamani. Zile ni kanda za duara, kubwa kama sahani za wali, na wimbo ule ulikuwa kwenye mojawapo, mara ya kwanza kabisa uliporekodiwa, kabla ya kaseti zote.

Fundi akaizungusha. Nyuzi hazikuanza. Palikuwa na mkwaruzo, kisha yule wa lori, kijana bado, akasafisha koo, akasema bila haraka kwamba maneno haya ni ya Dahabo Abdille, na kwamba yeye aliyapokea kisimani Eldas kwa binti yake, Batula.